Mpeni Paka Mstari Wake katika Daftari la Mifugo

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wafugaji, walimu, wauguzi na wanafunzi wa Bibokoboko, katika milima ya Fizi, na vijiji jirani. Umechapwa hapa karibu kama ulivyosemwa.)

  Najua kwamba mhadhara huu ulipotangazwa wako waliocheka. Daktari wa mifugo anaitwa milimani, kwenye nchi ya ng'ombe, halafu anakuja kusema habari za paka! Mzee mmoja ameniuliza hapo nje kama ng'ombe wote wamekwisha kupona. Hawajapona, mzee wangu. Lakini juu ya ng'ombe ninyi mnaweza kunifundisha mimi. Juu ya paka, mniwie radhi, tunaishi naye nyumba moja na hatumjui.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba paka wa huku, kwa jinsi ninavyoona kazini, mara nyingi hafi kwa kukosa hospitali ya paka. Anakufa kwa dawa tuliyonunua kwa ajili ya ng'ombe, kwa kidonge tulichonunua kwa ajili yetu wenyewe, na kwa sumu tuliyonunua kwa ajili ya panya. Magonjwa yanayobaki, sehemu yake kubwa inaweza kuzuiwa katika safari ile ile ya mchanjaji anayekuja kwa ng'ombe na mbwa. Nitalieleza hilo kwa hoja tano. Baadhi ni fupi, na ya pili ni ndefu, kwa hiyo anayetaka kutoka nje atoke sasa.

Hoja ya kwanza: paka ana kazi, na kazi hiyo ina thamani

Tuanze na ghala. Panya anayetumaliza mashambani, kuanzia Tanzania mpaka kwetu, ni yule wataalamu wanayemwita Mastomys natalensis. Jike lake laweza kuwa na chuchu 24, na Mungu hakumpa chuchu hizo bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro wamemfuatilia kwa miaka mingi, na makadirio ya Tanzania ni kwamba panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka. Mwaka wa mlipuko huwa zaidi. Sasa weka hapo muhogo mkavu na maharagwe, kisha ushuke Baraka ziwani uweke ndakala walioanikwa na nyavu za wavuvi zinazotafunwa usiku. Kila mmoja apige hesabu ya nyumba yake.

Paka aliingia katika maisha ya binadamu kwa njia hiyo hiyo ya ghala. Babu yake ni paka mwitu wa jamii ya Felis lybica, ambaye alisogea karibu na watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kuweka akiba ya nafaka. Kule Kupro, mwaka 2004, wachimbuaji walitangaza kaburi lenye umri wa miaka 9,500 hivi, mtu amelazwa na paka amelazwa karibu naye. Hakuna aliyemkamata paka akamfunga nira. Alifuata panya, sisi tukamwacha abaki.

Lakini nisiwadanganye kwa kumsifu kupita kiasi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye kaya za wakulima huko Eswatini. Waliweka chakula cha majaribio na kupima panya wamekula kiasi gani. Nyumba yenye paka peke yake haikupata nafuu ya kutosha, na nyumba yenye mbwa peke yake vile vile. Penye paka na mbwa pamoja, ndipo panya walipopunguza kula. Kwa hiyo anayesema, «Nina mbwa mkali, paka wa nini?» ana nusu ya jibu.

Wengi mliomo humu mnaikumbuka Oktoba 2021, nyumba za Bibokoboko zilipoungua na watu wakakimbilia Baraka. Mtu hukimbia na mtoto mgongoni. Paka habebeki namna hiyo, naye kwa asili hushikamana na mahali kuliko anavyoshikamana na mtu. Waliokwenda walifika bila paka, na walioanza tena maisha, hapa au kule ziwani, walianza na panya. Ndiyo sababu leo mtoto wa paka anaulizwa sokoni, naye hapatikani kwa urahisi. Kitu kinachotafutwa hivyo hakifai kupotezwa kwa kijiko kimoja cha dawa.

Hoja ya pili: dawa zetu ndizo zinazomwua

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa vijana mnaobeba pompi.

Siku ya kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, mabaki hubaki chini ya ndoo. Paka ana viroboto, anajikuna usiku kucha, anaamsha watoto. Mtu mwenye huruma anasema, «Tumpake kidogo, atapumzika.» Dawa nyingi za kupe zina sumu ya jamii ya pairethroidi: sipamethrini, deltamethrini, pamethrini. Ng'ombe na mbwa wana uwezo wa kuivunja sumu hiyo ndani ya ini. Ini la paka halina nyenzo hiyo, au inayo kwa upungufu mkubwa. Zaidi ya hayo paka hujilamba. Kile ulichompaka mgongoni, kabla jua halijazama kimo tumboni. Dawa nyingine za kupe zina amitrazi, nayo pia si rafiki yake.

Dalili ni hizi: masikio yanaanza kucheza, ngozi ya mgongo inatetemeka, mate yanatoka, anatembea kama mlevi, kisha degedege. Watu humwona katika hali hiyo wakasema amerogwa. Hakurogwa. Mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umsuuze vizuri, umkaushe, umweke mahali penye joto na giza, halafu utafute msaada. Maji baridi ya mlimani yatamharakishia kifo, maana yatamshusha joto la mwili. Usimnyweshe maziwa ya kutoa sumu, wala mafuta. Paka mwenye degedege akinyweshwa chochote, kinaingia mapafuni.

Ya pili ni ile sindano ya minyoo na kupe inayopigwa ng'ombe chini ya ngozi, ivamektini. Nyingi zinazouzwa ni za asilimia 1, na mililita 1 imepimwa kwa kilo 50 za ng'ombe. Paka wa kawaida ana kilo 3 au 4. Fanyeni hesabu hiyo hapo mlipo, walimu mpo. Sehemu yake ni chini ya moja ya kumi ya mililita, na bomba la sindano la ng'ombe halina mstari wa kukuonyesha kiasi hicho. Mtaalamu huitumia kwa paka mwenye upele au utitiri wa masikio, lakini huwa na bomba dogo na mizani. Wewe unakisia kwa jicho, na anayelipa kosa la jicho lako ni paka.

Ya tatu imo mkobani mwa kila mama: parasetamoli. Mtoto ana homa, anapewa, anapona. Paka ana homa, anapewa, anakufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kabisa kumwua paka mzima. Damu yake inaharibika isiweze kubeba hewa. Ukimfunua mdomo utaona fizi zimekuwa rangi ya udongo, uso na miguu vimevimba, anahema kwa shida. Dawa ya kuigeuza sumu hiyo ipo katika hospitali kubwa, lakini muda ni wa saa chache. Asipirini nayo hukaa mwilini mwake kwa siku kadhaa, kwa hiyo kipimo cha leo kinakutana na cha jana. Wauguzi, nawaombeni: anayekuja kituoni kuomba kidonge «cha paka», msimpe, hata akiwa shemeji yenu.

(Hapa palicheka watu, na muuguzi mmoja akakubali kwamba shemeji huyo anamjua.)

Ya nne, sumu ya panya. Zile zilizoandikwa kiwandani, nyingi huzuia damu isigande. Panya haanguki papo hapo. Anatembea siku mbili tatu akiwa mlegevu, na panya mlegevu ndiye anayekamatwa na paka. Baada ya siku kadhaa paka anachoka, fizi zinakuwa nyeupe, anatoa damu puani au kwenye choo. Vitamini K1 humwokoa kama imeanza mapema na ikaendelea kwa wiki kadhaa. Zile zinazouzwa ndani ya karatasi isiyo na jina, hakuna anayejua ndani mna nini, na hata mimi nikiletewa paka siwezi kujua nimtibu kwa lipi. Mwenye paka asitege sumu. Achague kimoja kati ya hivyo viwili.

Mtaniuliza: basi viroboto tufanye nini? Osha na uanike juani matandiko anayolalia, kila wiki. Fagia pembe za nyumba, maana viluwiluwi vya kiroboto viko vumbini, si mwilini mwa paka. Mchane kwa kitana chenye meno membamba, huku kando una bakuli la maji ya sabuni la kuzamishia unaowapata. Ni kazi ya watoto baada ya shule, na wanaipenda.

Hoja ya tatu: kichaa cha mbwa hakichagui mbwa tu

Jina la ugonjwa huu limewaponza watu. Wanadhani paka hana. Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni kweli kwamba asilimia 99 huambukizwa na mbwa. Lakini paka anayetembea usiku hukutana na mbwa na wanyama wa porini, na akiumwa naye huuma. Huko Marekani, ambako mbwa wamechanjwa kwa sheria, paka ndiye mnyama wa nyumbani anayegunduliwa na kichaa mara nyingi kuliko wengine wote. Mbwa alipolindwa, paka alisahauliwa.

Paka aliyeumwa na jino au kucha ya mwenzake ana kidonda chembamba kinachozama, na ndivyo anavyomfanya mtu pia. Ukiumwa na paka yeyote usiyemjua, au wako aliyebadilika tabia, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu; mwenye saa asimame akuhesabie. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna daktari wa nchi yoyote anayeweza kukuahidi uhai. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwezi Julai 1885, jambo hilo halina ubishi.

Paka huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka 1, na baada ya hapo kadiri maelezo ya chanjo yenyewe yanavyosema. Nani atamchanja hapa? Yule yule anayekuja kwa mbwa. Chupa ni ile ile.

Najua mtasema habari ya friji. Bibokoboko haina umeme wa kutegemea, na chanjo inataka baridi. Ni kweli, lakini si kweli kama tulivyofundishwa zamani. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa iliendelea kufanya kazi sawasawa baada ya kukaa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na miezi 3 katika nyuzi 30. Baada ya hapo wakatengeneza vyombo vya kupoza kwa udongo na maji, visivyotaka umeme, wakaacha chanjo vijijini mikononi mwa watu waliofundishwa. Huku mlimani hewa yetu yenyewe ni baridi kuliko huko ziwani. Simaanishi tuache mnyororo wa baridi. Mwenye friji atumie friji. Namaanisha kwamba kilima na ukosefu wa umeme havitoshi tena kuwa sababu ya kukaa miaka bila chanjo. Kisiwa cha Pemba kiliumaliza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, ukakoma mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani na wenzake wamesema ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kinacholetwa na mbwa. Milima ya Fizi imo katika dunia hiyo.

Kuna chanjo nyingine za paka peke yake, hasa ya ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaofagia watoto wa paka nyumba nzima kwa siku chache, na ya mafua makali ya paka. Hizo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Kwa sasa anayezipata ni mwenye uwezo wa kuagiza kutoka mjini. Nazitaja ili mjue zipo, nisije kuonekana nimewaficha.

Hoja ya nne: bugali na maziwa havimtoshi

Paka ni mla nyama kamili. Mbwa anaweza kuishi kwa bugali wenye mchuzi, paka hawezi. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na yeye hawezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1975 wanasayansi walionyesha kwamba paka anayekikosa huharibika macho mpaka kupofuka, na mwaka 1987 wengine wakaonyesha kwamba moyo wake hulegea na kutanuka. Na ule usemi kwamba paka akishiba hawindi, na kwa sababu hiyo anyimwe chakula, uwekeni kando. Paka huwinda akiwa ameshiba. Anayekufa njaa huenda mbali, huiba kwa jirani, na jirani humvunja mguu.

Kwetu ziwa liko karibu. Mpeni vichwa vya mukebuka, matumbo ya samaki, ndakala, lakini vipikwe. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachovunja vitamini B1, na paka anayelishwa samaki wabichi peke yao kila siku huinamisha shingo na kushikwa na degedege. Ndakala wenye chumvi waloweke kwanza. Mifupa mikubwa iliyopikwa ni ya kuondoa, maana huvunjika vipande vikali. Na maziwa, fahari ya milima hii? Paka wakubwa wengi hawawezi kuyasaga vizuri, wanahara. Mpe tone la heshima kama unampenda, lakini kinywaji chake ni maji safi, yawe mbali na chakula.

Hoja ya tano: raha yake, watoto wake, na maneno ya watu

Nimewaona paka wengi wamefungwa kamba shingoni dukani au mlangoni kwa ghala, kwa hofu ya kuibwa. Naielewa hofu hiyo. Lakini paka wa kamba hawindi, hujichafua alipo, na kamba ikipita juu ya boriti hujinyonga. Ukilazimika kumfunga kwa siku za mwanzo mpaka ajue nyumba, mfunge kwa mkanda mpana unaozunguka kifua nyuma ya miguu ya mbele, si shingo. Baada ya wiki mbili tatu za kulishwa mahali pamoja atakuwa amekwisha kuamua kwamba nyumba ni yake. Anachotaka ni mahali pa juu pa kukaa akiona wote, pembe ya kujificha watoto wakimchosha, gogo la kunolea kucha, na mchanga mkavu wa haja.

Urafiki wake huanza mapema. Mtoto wa paka anayeshikwa kwa upole kila siku kati ya wiki ya 2 na ya 7 atakuwa rafiki wa watu maisha yake yote. Ambaye hakushikwa hubaki nusu mwitu. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Na kwa baridi hii ya mlimani kumbukeni kwamba katika wiki tatu za mwanzo hawezi kujipasha joto. Sanduku lenye nguo kuukuu karibu na jiko huokoa wengi, lakini liwe umbali ambao mkono wako unaweza kukaa bila kuchomeka. Jike hubeba mimba siku 63 hadi 65, na anaweza kuanza kabla hajafikisha nusu mwaka. Kumhasi dume ni kazi ndogo kwa mtaalamu mwenye dawa ya usingizi. Koleo la kuhasi fahali lisimguse, narudia, lisimguse! Kwa jike ni upasuaji wa tumbo, unataka mikono iliyofundishwa. Nchi yetu ina vitivo vya tiba ya mifugo Lubumbashi na Butembo. Vijana, mmoja wenu akasome huko arudi.

Dume akionekana anajikamua na mkojo hautoki, msingoje kesho. Njia imeziba, na kwa siku moja au mbili sumu ya mkojo humwua. Uvimbe wa ghafla shavuni au mkiani baada ya ugomvi wa usiku ni jipu. Likipasuka lioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi, mara mbili kwa siku. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo usiseme ana homa kwa sababu tu masikio yana moto. Kipimajoto huingizwa nyuma, na baada ya hapo hakirudi kwa mtoto wa mtu.

Kumpa kidonge alichoandikiwa na daktari: tandika kitenge mezani, mweke katikati akikupa mgongo, mviringe mpaka kibaki kichwa tu. Mkono wa kushoto ushike kichwa kwa juu, kidole gumba upande mmoja na cha kati upande wa pili, nyuma kidogo ya meno marefu. Inua pua itazame dari, na taya litafunguka lenyewe. Dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, mpapase koo kuelekea chini. Akijilamba pua, amemeza. Mfuatishie maji kidogo kwa bomba lisilo na sindano. Mama pale mbele anatikisa kichwa kwamba haiwezekani. Inawezekana, mama, tatizo ni kwamba tunamkamata kwa hasira.

Sasa swali nililoletewa kwenye karatasi: je, mama mjamzito amfukuze paka? Hapana. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma kinachotoka na mavi ya paka, kwa kawaida kwa wiki moja hadi tatu tu baada ya paka kuambukizwa mara ya kwanza, nacho huchukua siku moja hadi tano nje kabla ya kuweza kuambukiza. Mwingine asiye na mimba atoe mchanga wa haja kila siku. Mama anawe mikono baada ya kulima, aoshe mboga, na nyama iive vizuri, kwa kuwa wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva.

Na maneno ya uchawi. Macho ya paka huwaka usiku kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Ng'ombe wenu pia wanao, na hamkuwahi kumchoma ng'ombe kwa hilo. Ndugu zetu Waislamu wa Baraka wanajua kwamba maji aliyoyanywa paka hayaharibiki kwa udhu, na kwamba Abu Huraira, mmoja wa masahaba waliopokea hadithi nyingi mno za Mtume, alipata jina lake kwa ajili ya paka. Sisi wa makanisani hatuna sababu ya kuwa wakali kuliko hapo.

Ndugu mwenyekiti, namalizia kwa maombi. Kamati ya wafugaji ina daftari la mifugo: ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa. Naomba iongezwe safu moja ya paka, na kila nyumba iandikwe ina wangapi, wamechanjwa lini. Naomba mchanjaji akiagiza dozi za mbwa ahesabu na za paka ndani yake, kwa sababu dozi isiyoagizwa Bukavu au Uvira haiteremki yenyewe kutoka mbinguni. Naomba walimu muitumie tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuwafundisha watoto zile dakika 15 za sabuni. Na kwa wenye pompi: mabaki ya dawa ya kupe yafukiwe shimoni mbali na mto, ndoo ioshwe siku hiyo hiyo. Mchanjaji akitangaza siku yake, mleteni paka asubuhi kabla hajatoka kuwinda, ndani ya kapu lenye kifuniko kilichofungwa kamba, mmoja kwa kapu. Wawili msiwatie pamoja, watatoka na majeraha tutakayokaa mchana kutwa tukiyashona.